Mkono wa Bwana Debe

Kazi rasmi ya Masinde ilikuwa kuchomelea matangi ya maji katika karakana ya Kirit mjini Nakuru. Kazi yake ya pili, ambayo haikuwa na likizo wala Jumapili, ilikuwa kutokutana na Mama Nanyama.

Mama Nanyama alikuwa mama wa msichana ambaye Masinde alitaka kumwoa. Kwa desturi ya kwao, watu waliokuja kutoka magharibi wakifuata reli, mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawali meza moja, na wakikutana njiani mmoja hugeuza uso na kupisha. Si chuki. Ni heshima, tena ya juu kabisa. Ila heshima hiyo ilitungwa na watu waliokaa kila mmoja kwenye kilima chake, ambako mtu angeweza kumheshimu mama mkwe mwaka mzima bila kutoka jasho. Waliotunga hawakuifikiria Nakuru, ambako soko ni lile lile, posta ni ile ile, na watu wote wa landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, huteka maji mfereji mmoja.

Kwa hiyo Masinde alijua kikohozi cha Mama Nanyama kama wengine wanavyojua king'ora cha stesheni. Alijua mlio wa malapa yake kwenye saruji na mlio wa malapa yake kwenye kokoto. Siku moja mama huyo alisimama kuzungumza na mtu mbele ya duka la vitambaa, na Masinde alikuwa ndani. Mazungumzo yalikuwa marefu. Masinde alitoka na yadi nne za kitambaa cha pazia, naye wakati huo alikuwa amekodi chumba kisicho na dirisha.

Juhudi zote hizo ziliharibiwa na kanisa.

Mwaka ule wa 1971 misa ilikuwa bado mpya masikioni mwa watu. Ilikuwa imeacha Kilatini, na katikati yake waumini sasa walialikwa kugeukiana na kupeana mkono wa amani. Masinde, mtiifu kama kawaida yake, aligeuka nyuma na mkono wake umekwisha kunyooka, tabasamu nalo tayari, akajikuta ana kwa ana na Mama Nanyama. Mkono ulifika nusu ya njia kabla akili haijaukamata na kuurudisha. Mama Nanyama aligeukia nguzo ya kanisa, akaipa nguzo amani ya Bwana, na misa ikaendelea.

Jioni ile Nanyama alikuja nyuma ya karakana.

"Mama ameona mkono," alisema.

"Padri ndiye alisema tupeane."

"Nimemwambia hivyo. Anasema padri hana mama mkwe."

Mzee Nyongesa, baba yake Nanyama, aliyestaafu kutoka reli, alikuwa amekubali arusi kitambo. Mazungumzo ya wazee yalikuwa yamekwisha, na tarehe ilikuwa imetajwa: Agosti, baada ya Maonyesho ya Kilimo, ambayo mji mzima uliyaita Sho. Lakini mama akisema ngojeni, hakuna mzee wa kusema twende. Na mama alikuwa amesema ngojeni.

"Hakatai," Nanyama alieleza. "Anasema tu wewe umezaliwa hapa landi, umekula na kila kabila, umecheza na watoto wa Wahindi. Hajui kama una adabu. Anataka aone kwanza."

"Ataonaje, na yeye haruhusiwi kuniangalia?"

"Ona sasa. Unauliza maswali kama askari. Mtu wa adabu angenyamaza."

Masinde akanyamaza, ila kwa kuchelewa, jambo ambalo lilikuwa ndilo tatizo lake tangu mwanzo.

Sasa Kirit. Alikuwa mtu mwembamba wa miwani minene, mzaliwa wa Nakuru, mwenye duka la vyuma mbele na karakana nyuma, na huzuni moja maishani: kibanda chake kwenye Sho. Kila mwaka alipanga matangi yake vizuri, yakang'aa, na kila mwaka watu waliyapita wakikimbilia kuona fahali mkubwa kutoka Subukia.

"Watu wanapita kwangu kama wanapita makaburini," alimwambia Masinde. "Wananyamaza, halafu wanaongeza mwendo."

"Ng'ombe anapumua, Bwana Kirit. Tangi halipumui."

Kirit aliitafakari hoja hiyo wiki nzima. Kisha alikuja na mchoro. Angetengeneza mtu wa bati, mrefu kuliko mtu wa kweli, kichwa cha debe la mafuta ya kupikia, kifua cha pipa, amesimama ameegemea tangi kubwa. Mkono wa kushoto ungebeba karatasi za matangazo. Mkono wa kulia ungesalimia watu. Watu walikuwa wamesikia redioni, miaka miwili nyuma, kwamba binadamu amekanyaga mwezi. Wakati ulikuwa mzuri kwa jambo lolote la bati.

"Na nani atausogeza huo mkono?"

"Wewe. Utakaa ndani ya tangi."

Mtu mwingine angekataa. Masinde alifikiri haraka kwamba siku zote za Sho, mji mzima ukiwa unazurura uwanjani, yeye angekuwa amefungiwa ndani ya bati nene, mahali pekee Nakuru ambapo hawezi kukutana na Mama Nanyama. Alikubali kabla Kirit hajamaliza sentensi.

Mkono ulikuwa na viungo vitatu: bega, kiwiko na kifundo. Kila kiungo kilivutwa kwa waya wa breki ya baiskeli na kurudishwa na springi ya kochi, na waya zote zilipita mgongoni mwa mtu wa bati hadi ndani ya tangi, kwenye breki tatu za mkono zilizong'olewa kwenye magari mabovu. Kiganja kilikuwa glavu ya kuchomelea iliyojazwa pamba. Mpaka hapo Masinde aliridhika. Halafu akauliza ataonaje.

"Nitobolee tundu. Dogo tu."

"Tundu dogo linatosha jicho," Kirit alisema. "Mtoto akiona jicho, kwisha. Nani atapanga laini kumsalimia Masinde?"

"Mimi nasalimiwa kila siku."

"Ndiyo. Na sijaona laini."

Badala ya tundu, Kirit alitengeneza kitu ambacho, kama angekuwa na chuo nyuma yake, kingepewa jina refu. Ndani ya tangi la petroli la kila gari kuna kijikono chenye boya. Mafuta yakipanda boya hupanda, na geji kule mbele husogeza sindano. Kirit alichukua vijikono vitatu vya namna hiyo, akatoa maboya, akafunga kimoja begani, kimoja kwenye kiwiko, kimoja kwenye kifundo. Akavuta nyaya za umeme hadi kwenye geji tatu za petroli alizozipigilia kwenye ubao mbele ya kiti cha Masinde, akaweka betri miguuni na balbu ndogo ya kumulikia geji. Mkono ukiinuka, sindano inaelekea tele. Ukishuka au ukikunjika, inaelekea tupu. Mtu aliyekaa gizani angeweza kusoma mkono uko wapi kama dereva anavyosoma kama atafika Molo.

Geji zilitoka katika magari matatu tofauti, na zilipewa majina ya wenyewe. Ya bega ilikuwa Lori. Ya kifundo ilikuwa Trekta, nayo ilitetemeka kwa kila kitu. Ya kiwiko ilitoka katika gari kuukuu la padri mmoja, kwa hiyo iliitwa Padri, na ilikuwa na tabia ya kutafakari kwanza. Kiwiko kingeweza kuwa kimekwisha kukunjika chote, na Padri bado anasema nusu. Kisha, polepole, kama mtu anayekubali kosa la mwenziwe, sindano ilianza kuteremka.

Masinde alifundishwa ukweli huu na miwani ya Kirit. Siku ya kwanza ya majaribio aliona Padri hasogei, akavuta zaidi, na bado hasogei, akavuta tena, na nje kukasikika kishindo na maneno ya Kigujarati.

"Usimkimbize!" Kirit alipiga kelele alipopata pumzi. "Vuta, halafu ngoja! Akifika atakwambia!"

Walirudia na kurudia. Kirit nje, amenyoosha mkono kama mteja; Masinde ndani, anasoma geji kwa sauti.

"Lori nusu, Padri nusu, Trekta chini kidogo!"

"Hapo umemshika mteja tumbo. Panda!"

"Lori juu ya nusu!"

"Hapo! Hapo ndipo! Usipumue!"

Ilipopatikana nafasi ya salamu, mke wa Kirit, Indu, aliingiza kichwa na mkono ndani ya tangi na kutia nukta kwenye kioo cha kila geji kwa rangi yake ya kucha. Nukta nyekundu: kusalimia. Nukta ya waridi: kupunga. Akiwa katikati ya kazi hiyo, baba mkwe wake, mzee wa Kirit, alipita uani akielekea kwenye sala zake. Indu alivuta ncha ya sari ikafunika uso wote mpaka kidevuni, na akaendelea kutia nukta bila kukosea hata moja. Mzee alipopita, sari ilirudi mabegani.

"Huyo ananipenda kama binti yake," Indu alimwambia Masinde, aliyekuwa amekodoa macho. "Lakini uso wangu hajawahi kuuona vizuri."

Masinde alitamani kuuliza mengi. Safari hii alinyamaza kwa wakati.

Mtu wa bati alibatizwa jina la Bwana Debe na mafundi wa karakana, na siku ya kwanza ya Sho alifanya yale aliyoumbwa kuyafanya. Laini ilianza na watoto, wakafuata baba zao kuja kuwatoa watoto, wakabaki. Kufikia adhuhuri ilikuwa imezunguka kibanda cha mbolea.

Ndani ya tangi, Masinde, akiwa na fulana tu, joto likimpika, aligundua kitu ambacho hakuna aliyemwahidi: kwamba alikuwa na furaha. Hakuona mtu, lakini aliwajua wote kwa sindano. Wakulima wa Subukia walikuwa wakishika na kuvuta chini, kwa mazoea ya kukamua, na Lori ilishuka nao. Makarani waligusa kwa ncha za vidole, Trekta ikatikisika kidogo kama imesikia habari ya mbali. Watoto walining'inia. Watu wa nyumbani kwao, wa magharibi, walishika na hawakuachia. Walitikisa mkono mpaka waulize habari za nyumbani zote, na sindano tatu zilicheza pamoja kama ngoma imepigwa.

Sauti nazo zilipenya batini vizuri ajabu.

"Huyu ametoka mwezini?" aliuliza mzee mmoja, ambaye kwa maelezo yake mwenyewe alikuwa Kipsang wa Olenguruone na hakuwa na haraka.

"Hapana mzee, ametoka kwa Kirit," alijibiwa.

"Mwezini pia wana Wahindi?"

"Msalimie tu, mzee. Laini ni ndefu."

"Nimsalimie namna gani? Ni mkubwa kwangu au ni mdogo?"

"Amezaliwa mwezi jana."

"Basi aanze yeye."

Masinde alivuta Lori hadi kwenye nukta nyekundu, na Bwana Debe akaanza yeye. Mzee Kipsang aliridhika, akamwambia kila aliyemkuta uwanjani kwamba bati la siku hizi lina malezi kuliko vijana.

Kila jioni, karakanani, Masinde alimwambia Nanyama jambo lile lile kwa fahari ile ile: "Leo nimesalimia watu mpaka mkono unaniuma." Nanyama ndiye mtu pekee nje ya karakana aliyejua nani yuko ndani ya tangi, na alikuwa na jukumu moja: siku mama yake atakapokuja Sho, ampeleke kwa ng'ombe na amweke huko.

Mama Nanyama alikuja siku ya mwisho. Akina mama wa kanisa walikuwa wamemtuma atazame matangi ya kuvunia maji ya mvua, na alikusudia kuyatazama kabla ya ng'ombe. Lakini hata bila hilo, kulikuwa na laini, na Mama Nanyama hakuwahi kuona laini akaipita. Miaka yake ya landi ilikuwa imemfundisha kwamba mbele ya kila laini kuna kitu kinagawiwa.

Masinde alikuwa ndiyo kwanza amemaliza na mkulima mmoja, mkono bado umenyooka kwenye nukta nyekundu kumngoja anayefuata, aliposikia sauti ya Nanyama, kubwa kuliko ilivyohitajika.

"Mama! Twende tuone ng'ombe! Mama, hii laini ni ya watoto!"

"Kwani huyu mzee wa kofia ni mtoto?" ilijibu sauti nyingine. Kisha kikohozi.

Masinde aliganda. Malapa yalikuja juu ya kokoto, karibu, yakasimama.

"Msalimie, mama," Kirit alisema kwa sauti yake ya biashara. "Bwana Debe anasalimia kila mtu!"

Kulikuwa na nafasi ya kufikiri, si kubwa. Masinde alifikiri kwanza kama mtu anayetafuta mlango wa nyuma. Kati ya kiganja chake na kiganja cha mama mkwe kulikuwa na breki ya gari, waya wa baiskeli, springi ya kochi na glavu iliyojaa pamba. Je, huo ulikuwa mkono wake? Wakili mzuri wa Nairobi angeshinda kesi hiyo kabla ya chai. Lakini kesi hii isingepelekwa Nairobi, na shahidi wa kwanza wa upande wa mashtaka angekuwa Masinde mwenyewe, aliyesema kila jioni kwamba amesalimia watu mpaka mkono unamuuma.

Akimshika, atakuwa amemshika, mbele ya uwanja mzima, na mkono wa kanisani utakuwa umemaliza safari yake. Asipomshika, Bwana Debe, anayesalimia kila mtu, atakuwa amemtukana mama wa watu hadharani. Vyovyote, Agosti ingepita bila arusi.

Alivuta.

Alitaka kuuficha mkono nyuma ya mgongo, lakini Bwana Debe hakuumbwa na nyuma. Kuushusha kungemwachia mama aufuate chini. Palibaki juu tu. Masinde alivuta breki ya bega mpaka mwisho, Lori ikaruka kupita nukta nyekundu, kupita ya waridi, ikafika tele, mahali ambapo Indu hakuwahi kutia rangi. Akakunja kiwiko chote. Akageuza kifundo. Trekta ilitetemeka mara moja, kwa nguvu, ikatulia.

Ilitetemeka kwa nini? Kwa sababu mkono umegonga kitu, au kwa sababu umeshikwa? Na Padri alikuwa bado anasema nusu. Kama Padri alisema kweli, kiwiko kilikuwa bado kimenyooka, na mkono uko pale pale, mbele ya vidole vya mama mkwe. Masinde alitamani kuvuta tena. Alijizuia. Alikaa, jasho likimwingia machoni, akiitazama sindano kama mtu anavyomtazama daktari aliyenyamaza.

Nje mtu alicheka. Kisha wote.

"Mama, umekataliwa!" mtu alipaza sauti. "Hata debe linachagua watu!"

"Labda una deni la maji!"

Masinde alingoja sauti ya Mama Nanyama. Haikuja. Malapa yalisogea hatua kadhaa, si mbele, pembeni. Halafu, kwa utulivu, "Nanyama. Twende kwa ng'ombe."

Ndipo sindano ya Padri, ikiwa imekwisha kuhakikisha mambo yote, ilipoteremka hadi tupu.

Kirit aligonga tangi kwa ngumi. "Masinde! Unafanya nini? Shusha!"

"Ameenda?"

"Nani ameenda?"

"Mama mkwe."

Kirit alirudi hatua moja nyuma. Alimtazama Bwana Debe. Kisha aliwageukia watu akatangaza kwamba mashine inapumzika, hata mashine za Ulaya hupumzika, na wakati wakingoja wanaweza kuangalia ubora wa matangi. Akarudi, akaweka mdomo karibu na bati.

"Unajua mkono uko wapi?"

"Geji zinasema juu."

"Uko usoni. Bwana Debe amefunika uso kwa mkono, hivi, macho yote. Kama Indu."

"Nimemgusa?"

"Hapana. Umepita mbele ya pua yake, kofi la upepo. Halafu ukagonga kichwa cha debe. Hukusikia?"

Ndani ya tangi kila kitu hugonga. Masinde hakusikia. Tena Kirit alikuwa mfanyabiashara, mtu ambaye kwa kazi yake huwaambia watu habari njema. Masinde aliendelea kusalimia watu hadi jioni kwenye nukta nyekundu, na wakulima kadhaa wa Subukia walilalamika kwamba leo Bwana Debe hana nguvu.

Nanyama alikuja karakanani jua likiwa bado halijazama. Masinde alikuwa ameketi juu ya pipa, hata fulana hajabadilisha.

"Sema tu," alisema.

"Ngoja nikae."

"Nanyama, sema."

"Kuvumilia pia ni adabu." Akakaa. "Tumeenda mpaka kwa ng'ombe, mama hasemi kitu. Nikajua nimekufa. Tumesimama mbele ya yule fahali mkubwa, anamwangalia, anamwangalia. Halafu akaniuliza, 'Ndani ya lile debe kuna nani?'"

"Ukasema?"

"Nikasema hakuna mtu, mama, ni mashine. Akasema, 'Mashine haina mama mkwe.'"

Masinde alifunika uso kwa mikono, bila msaada wa geji.

"Nisikilize, wewe. Mama anasema wamepita pale watu wa kila namna, wezi wamepita, walevi wamepita, wote wamepewa mkono. Yeye peke yake ndiye amefichwa uso. Anasema nani dunia hii anaweza kumficha uso, kama si mkwe? Wanacheka pale, yeye alikuwa anatafuta njia ya kupisha, kwa sababu mkwe akifunika uso lazima nawe upishe."

"Nilimgusa?"

"Ungemgusa ungekuwa hapa unaongea? Anasema mkono ulikimbia kama kuku ameona mwewe. Amependa sana hiyo. Amesema, 'Hakuwa ananiona, hakuna aliyemfinya, na bado alikimbia.' Amerudia mara nyingi mpaka fahali akachoka."

"Na Agosti?"

"Agosti ni Agosti," Nanyama alisema. "Na akina mama wa kanisa wanataka tangi. Amesema ulichomelee wewe, na siku ya kulileta usiwepo."

Walioana Agosti. Mama Nanyama alikaa upande wake wa kanisa, Masinde upande wake, na padri alipofika kwenye mkono wa amani waligeukia kila mmoja nguzo yake, safari hii bila kosa.

Siri ya Bwana Debe Mama Nanyama aliitunza kwa uaminifu mkubwa. Aliwaambia akina mama wa kanisa peke yao. Mwaka uliofuata, kwa hiyo, Kirit alishangaa kuona kikundi cha wanawake waliovaa vitambaa vya kichwa vinavyofanana kikisimama kando ya laini, hakisogei, kinangoja. Alichelewa kuelewa wanachongoja. Walikuwa wamekuja kuonyeshwa mkwe. Indu alielewa kabla yake; aliingia nyuma ya tangi na kichupa cha rangi mpya ya kucha, ya zambarau, akatia nukta tatu kwenye vioo vitatu: Lori tele, Padri tupu, Trekta nusu.

Ikawa ndiyo desturi. Masinde alifanya mengine maishani: alifungua karakana yake mwenyewe upande wa Bondeni, akapata watoto, akajenga nyumba yenye madirisha na hatimaye akatumia kile kitambaa cha pazia. Lakini kila Sho alirudi kwa Kirit na kuingia tangini, hata tumbo lilipoanza kuleta ubishi mlangoni. Na kila mwaka, siku ya mwisho, laini ikiwa ndefu, kikohozi kilisikika na malapa yakaja juu ya kokoto.

Mama Nanyama hakukaribia. Alisimama mbali kiasi cha hatua chache, mbele ya wenzake, akiwa amevaa nguo ya kanisani. Bwana Debe aliinua mkono na kufunika uso. Mama Nanyama aligeuka, akampa mgongo. Wakakaa hivyo wote wawili, wamepeana heshima mpaka ya mwisho, watu wa Nakuru wakitazama bila kucheka tena, na ndani ya tangi Masinde akingoja kwa raha zake Padri amalize kutafakari.